Hotirodi ya Mfuko Mdogo: Injini Isubiri, Anza na Breki

Kila majira ya joto yanapoingia huku Marekani, maegesho ya migahawa na maduka katika miji mingi hugeuka kuwa maonyesho ya magari ya zamani siku za Jumamosi asubuhi. Mtu anayetoka kubeba boksi zamu ya usiku anaweza kukutana nayo bila kutarajia: gari la mwaka 1930 lisilo na madigadi, injini iko wazi inametameta, matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele, na mngurumo wa kutikisa vioo vya duka. Ukimsogelea mwenye gari utagundua mara nyingi si tajiri. Ni mzee mstaafu, au fundi bomba, au dereva wa lori, na gari hilo ameliunda mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani kwake. Wenyeji wanaliita hotirodi. Makala haya yanahusu namna mtu mwenye kipato cha kawaida anavyoweza kuunda la kwake bila kufilisika na, kubwa zaidi, bila kujiua.

Kwa ufupi, hotirodi ni gari la zamani, kwa kawaida la kabla ya mwaka 1949, lililopunguzwa uzito na kutiwa injini yenye nguvu kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Jina lenyewe lilienea California miaka ya 1940, ingawa mchezo ulikuwapo kabla. Kaskazini mwa Los Angeles kuna maziwa yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage, ambayo chini yake ni udongo tambarare mgumu kama sakafu. Vijana walikuwa wakipeleka huko Ford zao kuukuu kushindana mwendo, na mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda chama cha SCTA ili mashindano yawe na utaratibu na kasi ipimwe. Vita Kuu ya Pili ikawachukua wengi wao. Waliporudi walikuwa na ujuzi wa ufundi waliojifunza jeshini na vijisenti kidogo mfukoni, na yadi za chuma chakavu zilikuwa zimejaa magari ambayo hakuna aliyeyataka.

Magari yenyewe yalikuwa mengi ajabu. Ford Model T zilitengenezwa takriban milioni 15 kuanzia 1908 hadi 1927, na Model A iliyofuata ilikaribia milioni 5 katika muda wa miaka minne hivi. Halafu mwaka 1932 Ford akatoa gari lenye injini ya silinda nane, V8, ya nguvu za farasi 65, na toleo lake la wazi la kawaida liliuzwa chini ya dola 500. Hiyo ndiyo siri nzima. Kijana alichukua bodi nyepesi ya Model A, akang'oa madigadi na kila kilichozidi uzito, akaweka V8 iliyotoka kwenye gari lililopata ajali, akaenda ziwani. Januari 1948 Robert Petersen alianzisha jarida la Hot Rod kwa ajili ya vijana hao, na mwaka 1951 Wally Parks, aliyekuwa mhariri wa jarida hilo, aliongoza kuundwa kwa chama cha NHRA ili mashindano yahame kutoka barabara za mitaani kwenda kwenye viwanja maalumu.

Msomaji aliyekulia karibu na gereji za Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, au Gerezani pale Dar es Salaam, hatashangazwa na akili ya namna hii. Kwetu Land Rover ya zamani inayotembea na injini ya dizeli ya Kijapani, giaboksi ya gari la tatu na redieta ya lori si kioja. Tofauti ni kwamba fundi wa kwetu anafanya vile gari liingie kazini kesho asubuhi, na huyu wa California alikuwa anatafuta raha ya Jumapili. Lakini mkono ni ule ule, na hata mazungumzo ya gereji yanafanana.

Sasa kuna jambo moja ambalo picha za magari haya hazilionyeshi. Ford ilitumia breki za vyuma na vijiti, zisizo na mafuta, hadi magari ya mwaka 1938. Wenzao wa Chrysler walikuwa na breki za mafuta tangu 1924, lakini Henry Ford alikuwa mbishi. Aliamini chuma kitupu kutoka kwenye kanyagio hadi kwenye gurudumu ni salama kuliko bomba lenye mafuta. Alisalimu amri kwenye magari ya mwaka 1939. Na hao vijana tunaowaona kwenye picha za zamani wamekaa juu ya Model A zao walilijua hilo vizuri. Mmoja wa vipuri vilivyogombewa sana yadini ulikuwa seti ya breki za mafuta za Ford ya 1939 au baada yake. Mtu alihangaika na injini, ndiyo, lakini alihangaika na breki pia, kwa sababu mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapo ndipo pesa ya mwenye mfuko mdogo inapotakiwa kuelekea. Nguvu siku hizi ni rahisi, nitaeleza hapo chini. Kinachogharimu ni kulifanya gari la mwaka 1930 lisimame na likate kona kama dereva anavyotaka.

Lakini kwanza ni lazima uwe na gari. Ford ya 1932 yenye bodi ya chuma isahau. Miaka zaidi ya 70 ya kusakwa imeigeuza kuwa dhahabu. Model A bado zinapatikana, na hapa nina siri ndogo: tafuta ya milango minne. Wanunuzi wengi wanataka ya milango miwili au ya wazi, kwa hiyo ile ya familia huuzwa kwa bei ya chini, na kwa mtu mwenye watoto wawili inafaa zaidi. Pikapu za miaka ya 1940 mwishoni na 1950 nazo ni chaguo zuri, kama Chevrolet iliyoanza 1947 au Ford F-1 iliyoanza 1948, ingawa wenye itikadi kali watakwambia hiyo si hotirodi kamili. Waachie ubishi wao. Kuna watu wanaochukua kichwa cha pikapu ya namna hiyo na kukikalisha juu ya fremu ya Chevrolet S-10, pikapu ndogo iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1982 hadi 2004, na kwa tendo hilo moja wanapata breki za diski mbele na usukani wa kisasa. Kazi ya kukata na kurekebisha ni kubwa, lakini vipuri vyake viko kila duka.

Chaguo jingine ni bodi ya plastiki ngumu ya faiba inayofanana na Model T iliyokatwa nyuma. Ni nyepesi na haishiki kutu. Nyingi hazina mlango wala paa, kwa hiyo mkazi wa Minneapolis aliyezoea theluji ya miezi mitano afikirie mara mbili.

Lolote utakalochagua, nenda na sumaku mfukoni. Mahali ambapo sumaku haishiki, chini ya rangi kuna pati, na chini ya pati kuna tundu la kutu. Uliza pia kama bodi ina mbao. Chevrolet za mwanzoni mwa miaka ya 1930 zina mifupa ya mbao ndani ya bati, na mbao ikioza, milango haifungi tena hata unyooshe bati namna gani. Gari lenye sura mbaya lakini lililokamilika, lenye vioo, viti, taa na vitasa vyake, ni rahisi kuliko bodi tupu iliyopakwa rangi ya kuvutia. Vile vidude vidogo vinavyokosekana ukivinunua kimoja kimoja utashangaa. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni akaunti yako ya benki.

Halafu hati. Hapa ndipo wageni tunapoumia zaidi kuliko wenyeji. Gari la zamani lisilo na hati ya umiliki linaweza kukukalia gerejini miaka bila kupata namba. Kwenye Ford za wakati ule namba iligongwa juu ya fremu upande wa dereva, mahali ambapo mara nyingi pamefunikwa na bodi, na hati ya zamani inaweza kuwa inabeba namba ya injini iliyokwisha kutupwa. Hakikisha namba iliyo kwenye chuma inalingana na iliyo kwenye karatasi kabla pesa haijatoka mkononi. Kila jimbo lina sheria yake. Mengi yana daraja maalumu la usajili kwa magari ya kabla ya 1949 yaliyorekebishwa. California kuna sheria iliyopitishwa mwaka 2001 inayotoa nafasi 500 tu kwa mwaka kwa magari yaliyoundwa na wenyewe ili yapate unafuu kwenye kipimo cha moshi. Nenda ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla ya kununua, uliza, andika majibu.

Na kwa wale wanaoota kulipakia kwenye kontena wakalitembeze Mombasa: Kenya ina kikomo cha umri wa miaka 8 kwa magari ya mtumba yanayoingizwa, na haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto. Hotirodi ya Marekani inavunja sheria zote mbili kwa mpigo. Ifurahie huku huku.

Sasa tuje kwenye breki. Chukua Model A. Ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 40, ikatembea kwa shida maili 65 kwa saa, ikiwa na uzito wa takriban tani moja. Breki zake zilitosha kwa maisha hayo. Ukiitia injini ya nguvu za farasi 200 itafika maili 80 kwa saa bila jasho, na fizikia haina huruma: mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Gari lililokuwa likisimama kutoka maili 40 sasa linatakiwa lifanye kazi mara nne ya ile, kwenye barabara kuu, nyuma ya lori lililokanyaga breki ghafla.

Cha kwanza ni masta ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta. Nunua mpya, yenye vyumba viwili, kama zilivyokuwa kwenye magari ya Marekani kuanzia miaka ya mwisho ya 1960. Chumba kimoja kinahudumia magurudumu ya mbele na kingine ya nyuma. Bomba likipasuka upande mmoja, upande wa pili bado unashika. Masta ya chumba kimoja ina sura nzuri ya kizamani, na bomba moja likipasuka unabaki na kanyagio linalogusa sakafu na dua.

Kwenye hotirodi masta hii mara nyingi hufungwa chini ya sakafu, kwa sababu mbele hakuna nafasi. Ikikaa chini kuliko breki za magurudumu, mafuta hurudi yenyewe taratibu, na ukikanyaga asubuhi kanyagio linazama. Dawa yake ni vali ndogo za kubakiza shinikizo kwenye bomba, ya ratili 2 kwa inchi kwa breki za diski na ya ratili 10 kwa za dramu. Ni kidude cha bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, na wengi hawajui kama kipo. Kanyagio nalo liwe na urefu unaofaa: kama huna kisaidizi cha breki, mguu unahitaji kuzidishiwa nguvu kama mara 6, yaani umbali kutoka mhimili hadi unapokanyaga uwe mara 6 ya umbali kutoka mhimili hadi kwenye kijiti cha masta.

Mabomba yawe ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli yaliyotengenezwa kwa breki, na midomo yake ikunjwe mara mbili kwa kifaa chake. Vile viungo vya kubana vya mafundi bomba, vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ni vya maji ya jikoni. Kwenye breki vinaachia. Bomba lisipite karibu na eksosi wala lisining'inie bila kubanwa, maana litasuguliwa na kutoboka siku usiyoitegemea.

Usukani una mitego yake. Watu wengi wanaopenda ekseli nzima ya mbele ya mtindo wa zamani hutumia boksi ya usukani ya Chevrolet Vega, gari dogo lililotengenezwa miaka ya 1971 hadi 1977, au nakala mpya za boksi hiyo zinazotengenezwa hadi leo. Ni ndogo na inaingia. Lakini boksi ni mwanzo tu. Angalia uma wa mbele wa baiskeli: umelala kidogo kuelekea nyuma, na ndiyo maana baiskeli hunyooka yenyewe ukiachia mikono. Ekseli ya hotirodi nayo inatakiwa ilale hivyo, nyuzi 5 hadi 7. Ikisimama wima, gari litatangatanga barabarani na magurudumu yanaweza kuanza kutikisika kwa nguvu kiasi cha kukung'oa usukani mikononi. Na ule mkono unaounganisha boksi na gurudumu ukiwekwa kwa pembe mbaya, gari litajigeuza lenyewe kila linapopiga shimo, hata kama wewe umeshika usukani ukiwa umenyooka. Kabla ya kufunga chochote moja kwa moja, pandisha na shusha ekseli kwa jeki huku ukitazama kama magurudumu yanageuka. Yakigeuka, hapo pana kazi.

Boliti za usukani, breki na springi zina alama kichwani. Mistari 3 ni daraja la 5, mistari 6 ni daraja la 8. Boliti ya kipara isiyo na mstari wowote ni ya kufungia uzio. Nati za usukani ziwe na kotapini. Na vyuma vya usukani vyenyewe visipashwe moto wala kuchomelewa ili vikae unavyotaka. Fundi mwenye uzoefu atakataa kazi hiyo ukimpelekea. Ukimpata anayeikubali haraka, ondoka na vyuma vyako.

Hapo ndipo tunafika kwenye injini, na kama ulivyosubiri, habari ni nzuri. General Motors ilianza kutengeneza V8 yake ndogo ya Chevrolet mwaka 1955, na Novemba 2011 ikatangaza kuwa imefikisha V8 ndogo ya milioni 100. Hakuna injini nyingine ya Marekani yenye vipuri vingi na vya bei nafuu kiasi hicho. Ile ya inchi 350, iliyoanza mwaka 1967, imekaa kwenye pikapu, magari ya familia na maboti, na iliyotoka kwenye pikapu ya miaka ya 1990 mwanzoni inatoa nguvu za farasi kama 200. Kwa gari la tani moja hizo ni nyingi kupita kiasi. Kuna pia ya lita 5.3 iliyoingia kwenye pikapu za Chevrolet na GMC kuanzia 1999, yenye zaidi ya farasi 270, ambayo vijana wa sasa wanaipenda sana na yadi za magari mabovu zimejaa. Inakuja na kompyuta na mkungu wa waya unaohitaji utulivu.

Kwa anayeunda mara ya kwanza, mimi ningechukua 350 yenye kabureta na giaboksi yake ya otomatiki. Waya zake chache unaweza kuzichora kwenye karatasi moja. Kabla hujalipa, toa plagi zote, pima mgandamizo wa kila silinda. Namba zikikaribiana, injini ina uhai. Unapoifunga, ilaze nyuma kama nyuzi 3, na difu uiinue kwa kiasi hicho hicho, ili propela shafti isitetemeke. Redieta isiwe ya kubahatisha. Zaidi ya hapo, kabureta za mapambo na vifuniko vya kromiamu vinaweza kungoja hata miaka.

Ugumu mwingine ni mahali pa kufanyia kazi. Wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za kupanga ambako kufungua gari kwenye maegesho ni kosa la kufukuzwa. Niliowaona wakifanikiwa ni wale waliochangia kodi ya gereji moja watu watatu au wanne. Gharama ya mashine ya kuchomelea, kompresa na grainda nayo inagawanyika. Kwa bati la bodi mashine ndogo inayotumia umeme wa kawaida wa nyumbani inatosha, lakini kwa fremu tafuta inayotumia umeme wa volti 220. Jifunze kwenye vipande vya chuma chakavu, uvikate katikati uone kama chuma kimeyeyukiana au kimebandikwana juu juu. Kama bado hujiamini, fanya vipimo na ukataji mwenyewe, shikiza kwa madoa, halafu mpe mchomeleaji mwenye cheti amalizie fremu kwa siku moja. Hiyo ni pesa iliyotumika vizuri.

Kuna hatari gerejini ambazo hazina kelele. Dawa nyingine za kusafishia breki zina klorini. Ukizipulizia kwenye chuma kisha ukachomelea kabla hakijakauka kabisa, zinatoa fosjini, gesi ile ile iliyotumika kuua askari kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Soma kopo. Tangi la petroli lililo tupu ni bomu kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke uliobaki, kwa hiyo halichomelewi nyumbani hata siku moja. Pedi za breki za gari la zamani huenda zina asbestosi. Vumbi lake lifutwe kwa maji, lisipulizwe kwa kompresa. Nyumba nyingi za hapa zina tangi la kuchemshia maji la gesi ndani ya gereji, lenye moto mdogo unaowaka usiku na mchana karibu na sakafu, na mvuke wa petroli hutambaa sakafuni. Ukimaliza kuchomelea usifunge mlango ukaenda kulala. Kaa nusu saa ukinusa na kutazama. Usiwashe injini mlango ukiwa umefungwa, hata kama nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri. Na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Mradi mwingi haufi kwa ajali, unafia kwenye maboksi. Mtu ananunua gari zima linaloweza kusukumwa, wiki ya kwanza analifungua lote hadi nati ya mwisho kwa furaha, anatia vipande kwenye ndoo, na miaka miwili baadaye linatangazwa kuuzwa likiwa vipande, kwa nusu ya bei. Anayenunua kwa bei ya kutupa ndiye mwenye bahati, na kama una subira unaweza kuwa wewe. Ukiwa na gari lako, fungua sehemu moja, imalize, ifunge, kisha nenda nyingine. Gari likae juu ya magurudumu yake mapema iwezekanavyo, hata kama halina injini. Likionekana kama gari, hata mama watoto atakuwa na subira zaidi kuliko likionekana kama lundo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu ametenga dola 15,000 kwa miaka 3, yaani dola 400 na ushee kwa mwezi, baada ya kutoa pesa ya kutuma nyumbani. Naliweka hilo mbele makusudi, kwa sababu ada ya mtoto wa dada na dawa za mzee haziwezi kusubiri kabureta. Mimi ningezigawa hivi: dola 5,000 kwa gari lililokamilika lenye hati, 4,000 kwa breki, usukani, springi, rimu na matairi mapya, 2,500 kwa injini na giaboksi, na 3,500 zilizobaki kwa waya, mabomba, redieta, vioo, viti na yale mengine yasiyoonekana. Rangi sijaiweka. Mapema kabisa hotirodi nyingi zilitembea na rangi ya msingi tu kwa sababu mwenyewe aliishiwa, na leo watu wanalipa ili zionekane hivyo. Kutu kwenye mlango ni mtindo unaokubalika kabisa. Kutu kwenye bomba la breki si mtindo.

Vipuri vya mtumba vinapatikana kwenye masoko makubwa ya wapenzi wa magari ya zamani, kama lile la Hershey, Pennsylvania, kila Oktoba, au la Pomona kule California. Nenda saa kumi na moja alfajiri na pesa taslimu, urudi tena jioni wakati wauzaji hawataki kubeba vyuma kurudi navyo. Ujuzi wetu wa kupatana bei una kazi hapo. Cha mtumba kinafaa kwenye injini, viti, taa, vitasa na hata ekseli iliyopimwa nyufa. Masta ya breki, mipira ya breki, viungo vya usukani na matairi viwe vipya, na tairi litazamwe tarehe: namba nne za mwisho ubavuni zinaonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Bima nayo isiwe ile ya gari la kwenda kazini. Tafuta kampuni inayokata bima ya magari ya zamani kwa thamani mliyokubaliana mapema, la sivyo gari la miaka mitatu ya jasho litathaminiwa kama chuma chakavu.

Siku ya kwanza ya kulitoa nje, usiende kwenye maonyesho. Zunguka mtaani kwa mwendo wa mtu anayetembea, simama, ondoka, simama tena, mara kumi. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone kama tairi au bomba linagusa popote. Siku inayofuata nenda maili 20 karibu na nyumbani, mtu mwingine akikufuata na gari lake. Baada ya maili 50 kaza upya nati za magurudumu na kila boliti ya springi na usukani, maana chuma kipya hujikalisha. Kisha lala chini ya gari na tochi, ukiwa umetandika boksi safi la karatasi sakafuni tangu jana usiku. Kama kuna tone la mafuta ya breki kwenye boksi hilo, hata moja, gari linabaki juu ya stendi mpaka Jumamosi ijayo.